Storm, binti wa Kenya: kwa nini wasomaji wa katuni hugombana na filamu za mashujaa

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya New York ilichapisha kitabu cha katuni kiitwacho Giant-Size X-Men. Ndani yake mwalimu mwenye upara, Profesa Charles Xavier, anazunguka dunia akitafuta watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida. Nchini Kenya anamkuta mwanamke mwenye nywele nyeupe ambaye akiita mvua, mvua huja, na wanakijiji humwabudu kama mungu. Anaitwa Ororo. Akikubali kuondoka na Profesa, anapewa jina jipya: Storm.

Miaka 25 baadaye filamu ya kwanza ya X-Men iliingia kwenye kumbi za sinema. Storm yumo, akiigizwa na Halle Berry. Ana nywele nyeupe, anaita radi. Lakini Kenya haionekani hata mara moja. Tunamkuta tayari ni mwalimu katika shule ya Profesa, akizungumza kwa lafudhi inayojaribu kuwa ya Kiafrika. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2003, lafudhi hiyo nayo ilikuwa imetoweka na hakuna mhusika aliyeuliza ilikwenda wapi.

Kwa mtazamaji wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa msomaji aliyemfuatilia Storm kwa miaka, ni kama kuoneshwa picha ya ndugu yake na kuambiwa ni mtu mwingine. Mvutano wa namna hiyo, kati ya wanaosoma katuni na wanaozigeuza kuwa filamu, umekuwepo tangu Hollywood ilipoanza kuwatafutia mashujaa hao waigizaji.

Malalamiko ya juu juu

Mengi ya malalamiko hayo, tuseme ukweli, hayana uzito. Michael Keaton alipochaguliwa kuwa Batman mwishoni mwa miaka ya 1980, mashabiki walituma maelfu ya barua kwa studio ya Warner Bros. wakipinga. Walimjua kama mwigizaji wa vichekesho na waliogopa Batman angegeuzwa kuwa kichekesho. Filamu ilitoka 1989, ikaongoza kwa mapato nchini Marekani mwaka huo, na leo wapo wanaoapa kwamba hakuna Batman aliyemfikia Keaton. Heath Ledger naye alibezwa alipopewa nafasi ya Joker. Alifariki Januari 2008, kabla filamu haijatoka, na mwaka uliofuata alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi akiwa kaburini.

Wolverine wa vitabuni ni mfupi, takriban sentimita 160, mkali kama nguchiro aliyebanwa pembeni. Hugh Jackman anakaribia sentimita 190. Wasomaji walinung'unika, kisha wakasahau. Spider-Man wa vitabuni alibuni mwenyewe kifaa cha kurushia utando, ishara kwamba ni kijana mwenye akili na asiye na pesa. Katika filamu ya Sam Raimi ya 2002 utando unatoka moja kwa moja kwenye vifundo vya mikono yake. Kelele zilikuwa nyingi. Miaka michache baadaye vitabu vyenyewe viliiga filamu kwa muda na kumpa Spider-Man utando wa mwilini.

Aliyekua akisoma Juha Kalulu katika Taifa Leo, au visa vya Ndumilakuwili katika jarida la Sani, ataelewa chanzo cha hisia hizi. Mhusika wa katuni huishi na msomaji kwa miaka. Sauti yake msomaji ameitunga mwenyewe kichwani. Siku akija mtu na sauti nyingine, lazima iume kidogo.

Hata hivyo kufuata kitabu mstari kwa mstari si dawa. Filamu ya Watchmen ya 2009 ilinakili michoro ya Dave Gibbons kwa uangalifu mkubwa, ingawa mwisho wa hadithi ulibadilishwa. Mwandishi wa kitabu, Alan Moore, alikataa jina lake litumike, na kwenye filamu ametajwa Gibbons peke yake. Mimi niliitazama nikiwa na kitabu pajani. Picha zilikuwa zilezile, lakini kitabu kinachowasuta mashujaa wanaojichukulia sheria mkononi kilikuwa kimegeuka filamu inayofurahia ngumi zao. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu mabadiliko na kuanza kutazama kama mhusika bado ana kile kilichomfanya awe yeye.

Kilichopotea kwa Storm

Storm alibuniwa na mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, lakini maisha yake alipewa na Chris Claremont, aliyeandika X-Men kwa zaidi ya miaka 15 mfululizo. Ni Claremont aliyeeleza, mwaka 1976, kwamba mama yake Ororo ni N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya, na baba yake ni David Munroe, mpigapicha wa habari kutoka Marekani. Walihamia Cairo mtoto akiwa mdogo. Wakati wa vita vya Suez ndege iliangukia nyumba yao. Wazazi walikufa, na mtoto akabaki amefunikwa na kifusi kando ya maiti ya mama yake.

Tangu siku hiyo Storm ana hofu ya kufungiwa mahali finyu. Anayeziamuru pepo na mawingu hutetemeka akiwekwa ndani ya chumba kidogo. Ni jambo rahisi kulieleza na lina nguvu kubwa katika kusimulia, kwa sababu linamfanya mungu wa kijijini awe binadamu. Mfululizo wa katuni za televisheni ulioanza 1992 ulilitumia vizuri. Filamu zilimwacha awe mtu wa kuita ukungu panapohitajika ukungu.

Yatima huyo alikulia mitaani Cairo akichomoa pochi za watalii, na mmoja wa aliowaibia alikuwa Profesa Xavier mwenyewe. Baadaye alitembea kwa miguu kuelekea nchi ya mama yake. Akiwa mtu mzima aliongoza kundi la X-Men. Mwaka 1983 alinyoa nywele zake ndefu akabaki na kiduku, na wasomaji wengine walishtuka kana kwamba ni dada yao. Mwaka uliofuata alipoteza kipawa chake kabisa. Kuna kisa cha 1985, kilichochorwa na Barry Windsor-Smith, ambapo Storm asiye na nguvu yoyote anarudi Afrika na kumsaidia mwanamke mjamzito kujifungua nyikani. Hakuna adui wa kupigwa katika kisa hicho. Kisha mwaka 1986, akiwa bado hana kipawa, alishindana na Cyclops kuamua nani aongoze kundi, na akamshinda.

Ukikiweka kisa hicho cha mwisho mbele ya filamu, unaona ukubwa wa pengo. Mwanamke Mwafrika, bila radi wala upepo, anamshinda kwa akili na wepesi mwanamume ambaye kila mtu alidhani uongozi ni haki yake. Kilikuwa kwenye kitabu kilichouzwa madukani kote Marekani miaka 14 kabla ya filamu ya kwanza. Haki itendeke: katika filamu ya tatu, ya 2006, Storm anachukua usimamizi wa shule baada ya Profesa kuuawa. Lakini mhimili wa hadithi unabaki kwa Wolverine, kama ulivyokuwa tangu mwanzo.

Mwaka 2016, X-Men: Apocalypse ilimrudisha akiwa kijana, akiigizwa na Alexandra Shipp. Safari hii Cairo ipo, ingawa ilijengwa Montreal, na kiduku kipo. Ororo anaiba sokoni. Wasomaji tulikaa sawa kwenye viti. Dakika chache baadaye alikuwa amegeuzwa mmoja wa watumishi wanne wa adui, na kwa sehemu kubwa ya filamu anasimama nyuma yake bila la kusema.

Lakini kitabu nacho

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kesi ya pili, na hii ni dhidi ya vitabu vyenyewe. Ule ukurasa wa 1975 wa wanakijiji wanaosujudu ni Afrika ya kufikirika. Kenya ilikuwa na miaka 12 ya uhuru, ina bunge, magazeti na chuo kikuu, na bado mchoraji aliona vibanda na watu wanaongoja miujiza. Filamu ambayo ingenakili ukurasa huo kwa uaminifu ingetuudhi zaidi kuliko hiyo iliyoifuta Kenya.

Hata majina yanachekesha. N'Dare, T'Challa, M'Baku, N'Jadaka: waandishi wa Marvel walinyunyiza alama hiyo juu ya kila jina walilotaka lionekane la Kiafrika. Katika Kiswahili alama hiyo ina kazi, kama kwenye ng'ombe. Kwao ilikuwa kama chumvi.

Ndiyo maana Black Panther ya 2018 ni mfano wa maana katika mjadala huu. T'Challa, mfalme wa Wakanda, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Mwongozaji Ryan Coogler na mwandishi mwenzake Joe Robert Cole hawakuviogopa vitabu, wala hawakuvidharau. Chukua M'Baku. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1969 aliitwa mtu-sokwe, akivaa ngozi ya sokwe mweupe. Mtu mweusi aliyeitwa nyani, kwa maneno mengine. Filamu ililitupa jina hilo, ikabakiza ukaidi wake na heshima yake kwa sokwe kama alama ya kabila lake, na Winston Duke akamfanya kiongozi ambaye watazamaji walimpenda. Sikumbuki shabiki hata mmoja aliyelilia toleo la zamani.

Killmonger naye alibadilishwa. Kwenye filamu ni binamu wa mfalme, aliyekulia Oakland, na hasira yake ina hoja: Wakanda ilikuwa wapi watu weusi walipoteseka kwingineko? Wakanda yenyewe ilipewa lugha iliyo hai, Kixhosa cha Afrika Kusini, kwa mchango wa mwigizaji John Kani. Miongoni mwa waigizaji walikuwamo Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni Waganda. Februari 2018 filamu ilioneshwa Kisumu, kaunti ambayo gavana wake ni baba yake Lupita, Anyang' Nyong'o. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani na kupata Oscar tatu.

Swali ambalo wasomaji waliulizana walipotoka ukumbini lilikuwa moja: Storm yuko wapi? Vitabuni alifunga ndoa na T'Challa mwaka 2006, harusi kubwa ya malkia wa mvua na mfalme wa Wakanda, ingawa ndoa hiyo ilivunjwa mwaka 2012. Jibu lilikuwa la kibiashara. Katika miaka ya 1990, Marvel ikiwa taabani kifedha hadi kuomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1996, haki za filamu za wahusika wake ziliuzwa kwa studio tofauti. X-Men walikwenda kwa Fox. Black Panther alibaki Marvel, iliyonunuliwa na Disney mwaka 2009. Kisheria, mke na mume hawangeweza kukutana kwenye filamu moja. Kizuizi hicho kiliondoka Machi 2019, Disney ilipokamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya Fox.

Nani analipwa

Kuna lalamiko moja ambalo halihusu urefu wa mwigizaji wala rangi ya suti, na ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote. Wabunifu wa Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zao kwa dola 130 mwaka 1938. Ni mwaka 1975 tu, filamu kubwa ya Superman ikiwa inaandaliwa na baada ya Siegel kupiga kelele hadharani, ndipo Warner ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Bill Finger, aliyeshirikiana na Bob Kane kumbuni Batman, alifariki 1974 bila kutajwa rasmi. Jina lake liliingia kwenye filamu ya Batman kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Familia ya Jack Kirby ilifikia makubaliano na Marvel mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake.

Na Storm? Len Wein, aliyefariki 2017, aliwahi kusema kwamba Lucius Fox, mhusika mdogo aliyembuni katika hadithi za Batman, alimpatia fedha nyingi kuliko Wolverine, kwa sababu kampuni ya DC ilikuwa na utaratibu wa kuwalipa wabunifu filamu zinapotengenezwa. Dave Cockrum, mkono uliomchora Storm kwa mara ya kwanza, alilazwa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx mwaka 2004 akiugua kisukari na nimonia. Filamu mbili za X-Men zilikuwa zimeshaingiza mamia ya mamilioni ya dola. Wachoraji wenzake walianza kuchanga michoro ili iuzwe kumsaidia, na baada ya habari kusambaa Marvel ilikubali kumlipa kiasi ambacho hakikutangazwa. Alifariki Novemba 2006, miezi sita baada ya filamu ya tatu kuanza kuoneshwa.