Mseto: kutoka chunguni hadi shambani

Choroko ndizo hutangulia kutiwa chunguni. Zinachemka mpaka zinaanza kupasuka, ndipo mchele unatiwa, tui linafuata, na mwiko unapita taratibu mpaka vyote vishikane. Ukipika wali mbali na choroko mbali, kisha ukavipakua sahani moja, umekula wali kwa choroko. Mseto hujala bado. Neno lenyewe limetokana na kitenzi seta, yaani kuponda na kuchanganya.

Nimeanzia chunguni kwa sababu neno hili tumelipa kazi nzito: kutaja elimu ya kukuza miti, mazao na mifugo katika shamba moja. Tunaiita kilimo mseto. Kwa Kiingereza istilahi yake ilipata nguvu mwaka 1977, katika ripoti ya John Bene na wenzake huko Kanada. Mwaka 1978 kikaundwa kituo cha utafiti wa kilimo hicho, ICRAF, chenye makao makuu Nairobi. Waliobuni istilahi hiyo waliunganisha neno la kilimo na neno la misitu, ikawa agroforestri. Wapo wataalamu wetu waliofuata njia hiyohiyo wakasema kilimo misitu.

Mimi kilimo misitu sikikubali. Msitu, kwa mkulima wa kwetu, ni mahali penye mpaka na mlinzi, ambapo gogo halitoki bila kibali. Mwambie alete msitu shambani kwake, naye atakuuliza, kwa haki kabisa, kama mti alioupanda kwa mkono wake ataruhusiwa kuukata. Istilahi inayomtia hofu mtu inayemhusu imekwisha kushindwa.

Mseto hauna hofu hiyo. Hata zahanati neno hilo tunalo: dawa mseto ya malaria ina viambato viwili, artemetha inayopunguza vimelea haraka, na lumefantrini inayobaki mwilini siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Chunguni mambo ni hayohayo. Mchele una upungufu wa lisini, choroko zinayo. Choroko zina upungufu wa methionini, mchele unayo. Bibi zetu hawakuyajua majina hayo, lakini chungu chao kilikuwa sahihi. Mseto, basi, si mchanganyiko wowote tu. Ni mchanganyiko ambao kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Na hapo ndipo tunapolitumia vibaya neno hili. Mtu akipanda mistari miwili ya mikaratusi mpakani, mahindi yakiwa katikati, anaandikwa kwenye taarifa kuwa analima kilimo mseto. Huyo amepakua wali na choroko sahani moja. Mikaratusi yake inanyonya maji ya mahindi na hairudishi chochote cha maana.

Anayetaka kuuona mseto wenyewe apande Kilimanjaro, aingie kwenye kihamba cha Wachaga. Juu kabisa iko miringaringa na migrivea, inayotoa kivuli, mbao na kuni. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, magimbi, maharage na mboga, na kiazi kikuu kikipanda juu ya mti wa jirani yake. Maji hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na wazee. Mama wa nyumba anakata mgomba uliokwisha kuzaa, anaupasua kwa panga vipande vyembamba vinavyochuruzika maji, anawatupia ng'ombe walio bandani. Samadi ya bandani inarudi kwenye shina la mgomba unaofuata. Hakuna kinachotupwa, wala hakuna kilichosimama hapo bila kazi. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani.

Simaanishi kwamba kihamba hakina shida. Kinagawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi, na wengi hulazimika kushuka tambarare kulima mahindi. Lakini tazama hesabu ya nchi: sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Tumeongezeka mara tano, na ardhi ni ileile. Shamba dogo lisiloweza kupanuka kwa upana linaweza kupanda juu, ghorofa kwa ghorofa, na kihamba kimefanya hivyo kwa karne nyingi kabla istilahi haijazaliwa.

Asiye na mlima wala mfereji anaweza kuanza na mbaazi. Ukiipanda pamoja na mahindi haigombani nayo, kwa kuwa hukua polepole mwanzoni. Mahindi yanavunwa, yenyewe inabaki shambani kiangazi, mzizi wake ukifuata maji ya chini. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake wanatwaa naitrojeni ya hewani, na majani yanayopukutika yanaiacha udongoni kwa ajili ya mahindi yajayo. Familia inapata ugali, inapata mboga ya mbaazi, na miti yake mikavu inakwenda jikoni kuwa kuni.

Kwa hiyo nashauri neno tulibakize, ila tulitumie kama mpishi anavyolitumia. Mahindi na maharage bila mti tuyaite mazao mchanganyiko. Kufuga na kulima bila mti tukuite hivyohivyo, kufuga na kulima. Kilimo mseto tukiwekee mahali ambapo mti upo na unalisha, au unalishwa na, kingine kilicho shambani humo. Nanyi mabwana shamba na mabibi shamba, kabla hamjaandika neno hilo kwenye taarifa, simameni katikati ya shamba mumwulize mwenye shamba: hapa, nini kinamlisha nini?