Mji Ulioondokewa na Kazi: Mikindani na Mtwara katika Picha za Kale

Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina kata inayoitwa Reli, na reli yenyewe haipo. Bodaboda wanalitaja jina hilo kutwa, barua za serikali zinaliandika, watoto wanazaliwa na kukulia humo, na hakuna pau hata moja ya chuma inayopita mtaani. Sisi wa Naliendele, tulio mwendo mfupi kutoka mjini kwa barabara ya Newala, tunalitaja vilevile bila kufikiri. Anayetaka kuiona reli ya Mtwara imlazimu atafute picha.

Picha zipo, ila zimetawanyika. Nyingi za wakati wa Wajerumani zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Za Waingereza ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, katika kundi la picha za Wizara ya Makoloni lenye namba CO 1069, na tangu mwaka 2011 nyingi zimewekwa mtandaoni. Nyingine ziko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, chini ya jina la mkusanyaji wake, Humphrey Winterton. Zilizobaki, na kwangu hizi ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, zimo kwenye makabati ya familia za kata zetu za Magengeni, Chikongola na Shangani, zimefungwa kwa kitambaa pamoja na hati za viwanja na vyeti vya ndoa.

Nimezitazama nyingi kadiri nilivyojaliwa, na yapo niliyoyashika. Katika pwani hii, majengo ya katikati ya mji yalitoweka baada ya kuondokewa na kazi. Nyundo ilichelewa kufika. Bandari ikihamishwa, duka hufungwa. Duka likifungwa, paa huvuja. Mvua ndiyo inayomaliza. Ndiyo maana mtazamaji wa picha hizi asianze na kuta. Aanze na mizigo.

Hili nilifunzwa Mikindani, na bibi mmoja aliyenitolea picha ya familia yao. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye roshani ya mbao iliyokuwa nyuma ya watu. Yeye akaweka kidole kwenye magunia yaliyopangwa barazani, akaniambia ule ni ufuta, akanitajia nani alikuwa akiuleta na ulikuwa unapimwa mlango upi. Roshani hakuigusa kabisa. Kwake, nyumba ile ilikuwa mahali pa kupimia ufuta.

Mikindani ndiyo iliyokuwa mji katika ghuba hizi. Machi 1866 msafiri David Livingstone alijaribu kuingia kwenye mlango wa mto Ruvuma, mikoko na njia mbaya vikamshinda, akageukia Mikindani kushusha ngamia, nyati, baghala na punda wake. Hapo ndipo alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara. Baadaye ukaja mpira wa msituni uliotoka nyanda za ndani na kupakiwa majahazini. Mwezi Mei 1890, baada ya vita vyao na watu wa pwani, Wajerumani wakauchukua mji, na mwaka 1895 wakajenga Boma juu ya mteremko, lenye mnara na kuta nyeupe, mahali ambapo kila jahazi lililoingia lingeonekana.

Boma hilo ni msaada mkubwa kwa anayesoma picha. Picha nyingi za Mikindani hazina tarehe, na maelezo yaliyoandikwa chini yake yana makosa mengi. Lakini mnara ukiwemo, picha imepigwa baada ya 1895. Ukitoka hapo, tafuta kilima kilicho nyuma ya Boma, tafuta mibuyu, tafuta mkunjo wa ufuko. Nyumba huanguka na miti mingine hukatwa. Mbuyu hudumu, na ufuko wa ghuba iliyofunikwa na nchi kavu haubadiliki haraka. Ukivipata vitatu hivyo unaweza kusimama leo mahali aliposimama mpiga picha, ukahesabu kutoka msikitini mpaka majini nyumba zilizopotea ni zipi.

Nazo zimepotea kwa namna inayoeleweka. Nyumba ya mfanyabiashara wa Mikindani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari ikalazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Hapo juu ilikaa familia. Chini palikuwa duka na ghala. Nyumba ya namna hii inataka kupakwa chokaa mara kwa mara. Ukuta ukiachwa wazi, maji huingia katikati, chokaa hulegea, mizizi hupenya, boriti huoza vichwani zilipoingia ukutani, na dari hushuka yote kwa pamoja. Mwenye duka linalouza hupaka chokaa. Mwenye duka lililokufa hufunga mlango na kuwafuata wateja walikohamia.

Wateja walihamia Mtwara, na waliowahamisha walikuwa wanawaza karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa matrekta, na serikali yake ikakubali. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Eneo la Kusini lilihitaji bandari ya kina kirefu, Mikindani haikufaa kwa meli kubwa, na ghuba ya Mtwara, iliyokuwa na vijiji vya wavuvi, ikachaguliwa. Mitaa ikachorwa mipana, barabara zikaachiana nafasi kubwa, kwa sababu waliochora waliona mbele yao mji mkubwa mno. Kipande cha kwanza cha reli kilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, kwenda Nachingwea. Cha Mtwara kikafuata.

Hapa tarehe zenyewe zinauma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umeshindwa, baada ya kutumia pauni zipatazo milioni 36. Gati la Mtwara, lenye urefu wa mita 385, lilifunguliwa 1954. Yaani bandari, reli na mji vilikamilika karanga zikiwa zimekwisha kufa. Picha za miaka hiyo zinaonyesha vitu vipya kabisa: kreni za bandari, mabehewa, mabohari marefu ya bati, ofisi zenye veranda. Zitazame kwa kidole cha yule bibi. Tafuta magunia. Mara nyingi utaona gati safi na watumishi waliosimama kwa ajili ya kupigwa picha.

Hata hivyo mji ulibaki. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahamia Mtwara. Reli ikachukua mazao ya wakulima na kufikishwa hadi Masasi, lakini mizigo haikutosha kulipia gharama. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, ikafungwa, na pau zikang'olewa. Stesheni isiyo na treni ilikufa kama zilivyokufa nyumba za Mikindani, isipokuwa yenyewe iliisha haraka zaidi, maana bati na mbao ni rahisi kubebwa.

Mabaki ya mpango wa karanga yalipata kazi nyingine. Kule Nachingwea, shamba namba 17 lilikuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Mtwara mjini palikuwa na hospitali ya wapiganaji hao. Huku Naliendele kuna makaburi ya mashujaa wetu wa JWTZ waliofia Msumbiji. Picha za kipindi hicho ni chache kuliko za karanga, na sababu yake ni wazi: ilikuwa vita.

Kazi iliyoushika mji mkono ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka Kusini, na serikali ikajenga viwanda vya kubangua, kimojawapo Likombe. Vilipokuwa vikikamilika, uzalishaji ulikuwa unaporomoka: wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na msimu wa 1986/87 zikapatikana tani 16,500 hivi. Viwanda vikageuka maghala. Ni kisa kilekile cha gati la 1954, na mara hii tulikijenga wenyewe.

Kituo cha utafiti cha Naliendele kilianzishwa mwaka 1970, na ndicho kilichopambana na ubwiriunga na kuzalisha miche iliyorudisha korosho mashambani. Watafiti wake wametoa pia mbegu za karanga: Pendo mwaka 1998, na nyingine iliyopewa jina Naliendele 2009. Karanga hizo zinalimwa na mkulima kwa jembe, ekari moja au mbili, katika nchi ileile ambako matrekta yalishindwa.

Mikindani imepata nafuu kidogo. Boma, lililokuwa limechakaa, lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, na sasa ni hoteli. Limepewa kazi, limesimama. Nyumba za jirani zisizo na kazi zinaendelea kushuka.

Mtwara hatari imegeuka. Fedha za gesi na saruji zimepandisha bei ya viwanja, na sasa nyumba za miaka ya 1950 zinavunjwa zikiwa nzima. Kwa hiyo naziomba familia zenye picha: kabla ya kuzinakili, geuzeni nyuma. Muhuri wa studio, jina lililoandikwa kwa penseli, mwaka, andikeni vyote pamoja na nani yumo na alikuwa akifanya kazi gani. Na mwenye picha ya stesheni ikiwa na abiria na mizigo, ainakili mapema zaidi, maana waliopanda treni ile wamezeeka na ndio pekee wanaoweza kutuonyesha bohari lilisimama wapi.