Mbwa wa Washenzi

Bibi yangu wa Tanga hakuwa na tusi kali kuliko "mshenzi". Ukila bila kunawa, mshenzi. Ukipita mbele ya wakubwa bila kuamkia, mshenzi. Basi siku nilipofungua kitabu cha mifugo chuoni nikakuta mbwa aitwaye Basenji, nilicheka peke yangu.

Pwani walikuwa wakiwaita watu wa bara washenzi. Neno likapanda na misafara ya pembe hadi Kongo, Kilingala kikalivua wa- na kulivika ba-. Mbwa wa vijijini wakawa mbwa wa basenji, na Wazungu wakalinakili tusi zima kama jina la ukoo.

Dume husimama kama sentimita 43 begani, na uzito wake ni kilo 11 hivi. Manyoya ni mafupi, mara nyingi mekundu kama udongo wa kichuguu, miguu na kifua vyeupe. Mkia umejikunja juu ya kiuno mithili ya kata ya kubebea mtungi. Akisimamisha masikio, paji la uso hujaa makunyanzi, utadhani mzee anayedaiwa dukani. Hujilamba kama paka. Wafugaji wengi humwita mkaidi. Mimi nasema hakulelewa kwa amri. Kazi yake msituni ni kumtimua mnyama hadi nyavuni, na huko nani atamngoja bwana wake aseme?

Wasemao ni bubu wanakosea. Habweki, ila hulia, hunguruma, na akifurahi hupandisha na kushusha sauti kama mtu aliyeanza kigelegele akaishiwa pumzi. Kwa kuwa habweki, wawindaji wa msitu wa Ituri, Kongo, humfunga kengele ya mti shingoni: kwenye msitu mnene, sauti ya kengele ndiyo humwonyesha mwenyewe mbwa alipo.

Basenji wa kwanza walioonyeshwa Uingereza, mwaka 1895, waliuawa na ugonjwa wa distempa muda mfupi baadaye. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930, mfugaji Olivia Burn alipowaleta wengine. Mwaka 1937 wakawa gumzo kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Lakini ukoo uliozaliwa ng'ambo ulitokana na mbwa wachache mno, na jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Damu ikarudiana, maradhi ya figo ya kurithi yakaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakarudi Zaire, Kongo ya leo, kutafuta damu mpya kulekule vijijini, wakaondoka na mbwa wengine, baadhi yao wenye milia ya simba marara.

Nilimsimulia bibi haya yote: kwamba Wazungu hutoa fedha nyingi kununua mbwa wa washenzi, wakampa na cheti cha ukoo. Aliacha kupepeta mchele, akanitazama.

"Na hao wanaonunua, mjukuu wangu, wao wanaitwaje?"