Mimba za Utotoni na Makuzi ya Mtoto Kijamii (Tanzania)

Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015–16 ulikuta wasichana 27 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwishazaa au ni wajawazito. Ule wa 2022 ulikuta 22. Mjadala humtazama msichana zaidi, mtoto wake akasahaulika.

Mtoto huyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa njiti au na uzito pungufu. Hata hivyo, umri wa mama peke yake hauelezi atakavyoishi na wenzake. Mwanasosholojia wa Marekani Frank Furstenberg aliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake wa Baltimore waliozaa wakiwa vijana, akaona maisha yao yakipishana sana, na ya watoto wao pia.

Nchini Tanzania kinachoumiza zaidi ni yanayofuata mimba: masomo kukatika, umaskini, aibu, na baba kutoweka. Tangu 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Adhabu ni halali, ila wapo wanaotoroka, na zipo familia zinazomalizana kimyakimya. Mtoto hubaki akiulizwa na wenzake, "Baba yako nani?", asiwe na jibu.

Mara nyingi mlezi ni bibi. Mama akienda mjini kufanya kazi za ndani, mtoto humwita bibi "mama", na mama mzazi akija sikukuu humwita "dada". Malezi haya si duni hata kidogo: mtoto hula sinia moja na watoto wa mjomba, hujifunza kuamkia wakubwa na kungoja zamu yake. Kinachomvunja ni kuujua ukweli kwenye ugomvi wa watu wazima. Anayebaki na mama aliyechoka, asiye na wa kumpokea, huenda akazungumzishwa kidogo. Asipopata maneno ya kudai anachotaka, hupiga wenzake au hujitenga.

Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba wasichana waliozaa hawatarudi shuleni. Novemba 2021 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako aliliondoa katazo hilo. Katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, mama husoma huku mwanawe akicheza na wenzake kwenye chekechea ya chuo. Sekondari za kawaida mara nyingi hazina huduma hiyo, hivyo ruhusa ya 2021 humfaa zaidi msichana mwenye mtu nyumbani wa kumwachia mtoto.