Sili wa Bahari ya Wadden: Usingizi unaofuata saa ya maji

Mara mbili kila siku maji ya Bahari ya Wadden hupwa, na mahali palipokuwa bahari saa chache kabla huibuka mafungu ya mchanga na matope yanayoenea hadi upeo wa macho. Ukanda huu wa pwani, wenye urefu wa takriban kilomita 500, unaanzia Den Helder nchini Uholanzi, unapita Ujerumani na kuishia Blåvand nchini Denmark. Juu ya mafungu hayo ndiko wanakojilaza sili, wanyama ambao kwao mipaka ya nchi haina maana yoyote, lakini ambao uhai wao unategemea maamuzi ya serikali tatu jirani.

Sili wa kawaida, au Phoca vitulina kwa jina la kisayansi, ni mnyama anyonyeshaye. Ana kichwa cha mviringo mithili ya mbwa, mapezi mahali pa miguu, na tabaka nene la shahamu chini ya ngozi. Dume aliyekomaa aweza kufikia uzito wa kilo 100. Huwinda majini, hasa samaki bapa wakaao chini ya bahari, na aweza hata kusinzia humo humo akiwa wima, pua peke yake ikichomoza, kama chupa inayoelea. Hata hivyo hawezi kuishi bila kupanda nchi kavu.

Ukingo wa mkondo

Mahali pa kujilaza hapachaguliwi ovyo. Sili hupendelea ukingo wa fungu ulio kando ya mkondo wenye kina, ili akishtuka ajitumbukize mara moja. Hukaa kwa makundi, ingawa si kwa mapenzi: kila mmoja hudai nafasi yake, na jirani anayesogea mno hukoromewa na kupungiwa pezi. Faida ya kundi ni wingi wa macho. Wakiwa wengi, kila mmoja hutumia muda mchache zaidi kuinua kichwa na kuangaza, hivyo hupata usingizi zaidi. Kichwa na mapezi ya nyuma, sehemu zinazopoteza joto upesi, huinuliwa juu ya mchanga uliolowa. Ndiyo maana sili aliyetulia hujipinda kama ndizi.

Maji yakijaa, kitanda hufunikwa. Mapumziko yamefungwa katika saa chache za maji kupwa, na mashua inayopita karibu au watalii wanaotembea juu ya matope wakiwakurupusha, saa hizo zimepotea hadi maji yapwe tena. Kwa dume mwenye shibe mwezi Februari, hasara hiyo ni ndogo. Kwa mama anayenyonyesha mwezi Juni, hesabu ni nyingine kabisa.

Mtoto wa sili huzaliwa kati ya Juni na Julai akiwa na kilo 10 hivi. Manyoya yake ya utotoni ameshayaacha tumboni mwa mama, na huweza kuogelea saa chache baada ya kuzaliwa, kwani vinginevyo maji ya kwanza kujaa yangemchukua. Hunyonya wiki tatu hadi nne tu. Maziwa anayopewa yana mafuta yanayokaribia nusu, na katika muda huo mfupi uzito wake huzidi maradufu. Kila kunyonya kunakokatizwa ni shahamu inayopungua kwa mtoto ambaye muda si mrefu ataachwa ajitafutie mwenyewe.

Mara baada ya kuachisha, majike hupandwa majini. Kisha huja Agosti, mwezi wa kubadilisha manyoya. Ili manyoya mapya yaote, ngozi huhitaji joto na damu nyingi, na katika maji baridi joto hilo lingevuja lote. Kwa hiyo sili hulala mchangani muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Majira ya baridi picha hugeuka. Mafungu hubaki na sili wachache, na wengi huelekea Bahari ya Kaskazini, baadhi yao umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani, wakiwinda kwa siku kadhaa kabla ya kurejea. Safari hizi zimejulikana kwa msaada wa vifaa vidogo vya mawasiliano vinavyogundishwa kwenye manyoya. Vifaa hivyo vina kikomo kisichokwepeka: manyoya yakipukutika, navyo huanguka.

Kalenda hii yenyewe haijasimama. Takwimu za kuanzia mwaka 1974 hadi 2009 zilionyesha kuwa tarehe ya kuzaa ilikuwa imekuja mapema zaidi kwa takriban siku 25, jambo ambalo watafiti walilihusisha na mabadiliko katika upatikanaji wa chakula.

Hesabu ya Agosti

Kwa kuwa Agosti ndio mwezi wa kujilaza, ndio pia mwezi wa kuhesabu. Ndege ndogo huruka juu ya mafungu ya nchi zote tatu kwa ratiba moja, maji yakiwa yamepwa, ili sili aliyevuka mpaka asihesabiwe mara mbili. Hata hivyo wanaoonekana si wote. Inakadiriwa kuwa takriban thuluthi moja huwa majini wakati huo.

Miaka ya katikati ya 1970, baada ya uwindaji wa muda mrefu, waliohesabiwa hawakufika 4,000. Uholanzi ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1962, na Denmark ikafuata mwaka 1976. Idadi ilipoanza kupanda, ndipo ugonjwa ulipoingia. Mwaka 1988, na tena mwaka 2002, virusi vinavyofanana na vile vya surua na vya homa ya mbwa vilizuka katika kisiwa cha Anholt nchini Denmark na kuenea kusini. Mara ya kwanza sili wapatao 18,000 walikufa katika pwani za Ulaya, na mara ya pili zaidi ya 20,000. Virusi hivyo huambukizwa kwa pumzi, na sili hupumuliana wanapolala pamoja.

Vifo vya 1988 viliharakisha maelewano. Mwaka 1990 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba wa kuwalinda sili wa Wadden, mkataba wa kwanza wa aina hiyo chini ya Mkataba wa Bonn kuhusu wanyama wahamao. Idadi ilipanda hadi zaidi ya 28,000 mwaka 2020, kisha ikashuka hadi karibu 22,600 mwaka 2023. La kushangaza ni kwamba mwaka 2021 watoto waliohesabiwa walikuwa wengi kuliko wakati wowote, takriban 10,900. Miongoni mwa sababu zinazochunguzwa ni ushindani wa chakula na sili wa kijivu, mnyama mkubwa zaidi ambaye huko Helgoland ameonekana akiwala jamaa zake hawa.

Suala moja ambalo mkataba haukulimaliza ni la mtoto anayekutwa peke yake akilia ufukweni. Uholanzi ilikubaliana mwaka 2020 kwamba aangaliwe kwa saa 24 kabla ya kuokotwa, kwani mara nyingi mama yuko karibu majini akisubiri watu waondoke. Katika jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani, uamuzi ni wa walinzi maalumu, ambao hadi leo huitwa kwa jina la zamani la wawindaji wa sili. Wao huamua apelekwe kituo cha Friedrichskoog, aachwe, au auawe asiteseke. Denmark haina vituo vya kuwalea sili. Kisiwa cha Sylt cha Ujerumani na kile cha Rømø cha Denmark vimetenganishwa na kilomita chache tu za maji, na mtoto aliyepotezana na mama yake aweza kuibukia upande wowote.