Mbio za Gusii na Ujira wa Mchezaji

Mnamo Julai 2013 klabu ya Indianapolis Colts ya Marekani ilimsajili Daniel Adongo, Mkenya ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Yeye alikuwa mtu wa raga. Riziki yake aliitafuta New Zealand, alikochezea Counties Manukau, na Afrika Kusini, alikokuwa na Southern Kings. Wasaka vipaji wa Colts walivutiwa na kimo chake na kasi ambayo watu wa umbo hilo huwa nayo kwa nadra. Wakamweka safu ya ulinzi na kuanza kumfundisha kila kitu tangu mwanzo: wachezaji 11 kila upande, kofia ngumu na kinga za mabega, majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, na kitabu kinene cha mbinu ambacho mchezaji hukikariri kama mtahiniwa wa kidato cha nne. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani katika mechi ya NFL, ligi ya mchezo huo, akatajwa kuwa Mkenya wa kwanza kuicheza. Hakudumu sana. Kufikia 2015 Colts walikuwa wameachana naye.

Maisha mafupi kama hayo katika ligi ile ni jambo la kawaida. Kinachonishughulisha ni masharti aliyoyakuta pale. Mwaka 2013 mshahara wa chini wa mchezaji mpya katika kikosi kamili cha NFL ulikuwa dola 405,000 kwa msimu. Hata aliyewekwa kwenye kikosi cha mazoezi tu, ambaye siku ya mechi hukaa kando, alilipwa dola 6,000 kwa wiki. Viwango hivyo havikutokana na ukarimu wa wenye klabu. Wachezaji waliunda chama chao mwaka 1956, wakaanza mvutano mrefu juu ya mishahara, matibabu ya majeruhi na pensheni.

Mwaka huohuo wa 1956 Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne. Kati ya waliovaa sare yake alikuwamo Nyandika Maiyoro, Mgusii, aliyemaliza wa saba katika mita 5,000. Nyandika hakuwa na chama, mkataba wala pensheni ya mbio zake. Kanuni za ridhaa za wakati ule zilimkataza mwanariadha kupokea fedha kwa kukimbia, na aliyekiuka alifungiwa.

Kwa hiyo anayetaka kuelewa Mkenya alivyofika mahali pa kulipwa kwa nguvu za mwili wake aanzie Gusii, nyumbani kwa Wagusii katika kaunti za Kisii na Nyamira. Ashike barabara ya Kisii kwenda Keroka, apite Keumbu, soko la Nyaribari Chache lililozungukwa na migomba na majani chai. Huku mtoto hapati tambarare ya kutembelea. Shule, mto na soko, vyote viko juu au chini ya mlima. Lakini vilima na hewa nyepesi havingetosha. Serikali ya kikoloni ilitaka vijana washughulishwe na michezo, ikapanga mashindano ya wilaya, ya mkoa na ya koloni zima. Mwaka 1951 kikaundwa chama cha riadha cha Kenya, na ofisa wa michezo Archie Evans akawa anapeleka wakimbiaji ng'ambo. Ngazi hizo ndizo zilizompandisha kijana wa Gusii, awe wa Kitutu au wa Nyaribari, hadi London.

Nyandika alizipanda mapema kuliko wengine. Mjini Antananarivo, Madagaska, mbio zilikuwa zimeshaanza alipoingia uwanjani, akawafukuzia wenzake na kuwashinda. Mwaka 1954, wakiwa njiani kuelekea michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, Wakenya walipitia uwanja wa White City, London. Katika maili tatu Nyandika alikuwa wa tatu, nyuma ya Waingereza Freddie Green na Chris Chataway, siku ambayo wote wawili walivunja rekodi ya dunia. Vancouver akawa wa nne. Roma, mwaka 1960, akawa wa sita katika mita 5,000. Baadaye alikuwa meneja wa uwanja wa Gusii mjini Kisii kwa miaka mingi, hadi kizazi kizima kikamjua kama mzee wa uwanja na kusahau kwamba ndiye aliyewafungulia mlango wote waliofuata. Alifariki Februari 2019. Kwangu mimi hakuna Mkenya aliyestahili heshima zaidi akiwa hai, na aliipata kwa uchache.

Arere Anentia, Mgusii mwingine, alitwaa shaba ya maili sita mjini Cardiff mwaka 1958. Ilikuwa miongoni mwa medali za kwanza kabisa za Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola.

Kisha akaja Naftali Temu. Alikuwa mwanajeshi, na kwao ni Mugirango Kaskazini, Nyamira. Mwaka 1966, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na Clarke wakati huo ndiye aliyekuwa mwenye rekodi za dunia za masafa marefu. Miaka miwili baadaye, tarehe 13 Oktoba 1968, wakakutana tena katika fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji wa nchi za tambarare waliachwa mmoja baada ya mwingine. Clarke alimaliza wa sita na kuanguka akiwa hana fahamu. Mbele wakabaki Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde alichomoka, Temu akamfuata, na katika mita za mwisho akampita. Pengo lao halikufika sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, kabla ya ile ya Kipchoge Keino katika michezo hiyohiyo. Siku chache baadaye Temu aliongeza shaba ya mita 5,000.

Olimpiki haikumlipa senti. Alifariki Nairobi Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57, na watoto wengi wa shule wa wakati huo hawakumjua. Ukiwauliza watu nani alileta dhahabu ya kwanza, wengi bado hujibu Keino. Simlaumu Keino kwa hilo hata kidogo. Nawalaumu wanaoandika vitabu vya shule.

Munich 1972 ndipo Gusii ilipofika kileleni. Timu ya Kenya ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne ilikuwa na Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza walikuwa Wagusii. Wamarekani hawakuingiza timu: wawili wao walikuwa wamefungiwa kwa mwenendo wao wakati wa kupokea medali, na mwingine alikuwa ameumia. Sang, aliyekimbia wa mwisho, alimpita Mjerumani aliyekuwa akiongoza, na Kenya ikashinda kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Asati na Nyamau walikuwa tayari na medali ya fedha ya mbio hizo kutoka Mexico. Asati alikuwa pia bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 400 mwaka 1970, akarudia mwaka 1974. Ouko alishinda mita 800 katika michezo hiyo ya 1970.

Hapa ndipo Marekani inapoingia. Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham, chini ya kocha LeRoy Walker. Ujira wao ulikuwa karo, chakula, kitanda na digrii. Kwa kijana wa Manga huko Gusii, kama Ouko, malipo hayo yalikuwa makubwa kuliko kitita cha fedha, kwa kuwa hayakuisha miguu ilipochoka. Aliporudi alikuwa katibu wa chama cha riadha cha Kenya.

Waliotaka fedha taslimu walijaribu njia nyingine. Kati ya 1973 na 1976 palikuwa na mashindano ya riadha ya kulipwa, yaliyoitwa ITA, huko Marekani, na Keino na Ben Jipcho walijiunga. Mashindano hayo yalikufa upesi. Kisha Kenya ikasusia Olimpiki za 1976 na 1980, na wanariadha waliokuwa katika ubora wao wakapoteza miaka ambayo haikurudi.

Mlango ulipofunguliwa hatimaye, miaka ya 1980, kanuni za ridhaa zikilegezwa hatua kwa hatua, Mgusii alikuwepo tena. Yobes Ondieki alisomea Iowa State na kuendelea na mbio kama kazi. Mwaka 1991 mjini Tokyo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, akiwatoroka wenzake mapema na kukimbia peke yake hadi mwisho. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya dakika 27. Tom Nyariki alifuata kwa shaba ya dunia mwaka 1997, na baada ya hapo majina ya Gusii yakaanza kupungua.

Sababu ninayoiona mimi ni hii: fedha zilipokuja, zilikuja na mawakala, kambi na makocha wa kigeni, na hao walikita mizizi Iten na Eldoret. Gusii ilibaki na vilima vyake na sifa za wazee.

Wakati huohuo Wagusii wamehamia Marekani kwa wingi. Jamii kubwa imejenga maisha Minnesota, hasa Minneapolis na viunga vyake, ambako futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa shule ya upili kama kandanda ilivyo Keumbu. NFL nayo ilifanya kambi ya kusaka vipaji Nairobi mwaka 2023, ikiongozwa na Osi Umenyiora, bingwa mara mbili wa Super Bowl mwenye asili ya Nigeria. Mwaka 2028 futiboli ya vibendera, isiyo na kuangushana, itachezwa Olimpiki mjini Los Angeles.

Vijana wataitwa, na wengine wataenda. Ombi langu ni kwa serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, na kwa walimu wa michezo: wekeni mwanasheria wa kuwasomea vijana hawa mikataba kabla hawajatia saini, dai la masomo na bima ya matibabu liwe la kwanza, na majina ya Maiyoro, Anentia, Temu, Asati, Nyamau, Ouko na Ondieki yafundishwe katika kila shule ya msingi kuanzia Keumbu hadi Nyamira.