Kupamba Nyumba Wakati wa Noeli kwa Gharama Ndogo: Mwongozo kwa Familia

Mapambo ya Noeli nyumbani ni katekesi ya macho. Mtoto ambaye bado hajui kusoma husoma mezani, ukutani na mlangoni kile ambacho wazazi wake wanakiamini juu ya Fumbo la Umwilisho. Kwa sababu hiyo namna ya kupamba nyumba ni jambo la imani. Na katika jumuiya zetu za pande za Bujora na Kisesa limekuwa pia jambo la fedha. Kila Januari wapo wazazi wanaofika parokiani kuomba msaada wa sare na madaftari, na baadhi yao hukiri wazi kwamba fedha ya shule iliishia mjini Mwanza katika wiki ya mwisho ya Desemba: taa za rangi, mti wa plastiki, nguo za kufanana kwa familia nzima. Wengine walikopa, tena mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Makala haya yanaeleza mapambo hayo yana maana gani, yawekwe lini na yaondolewe lini, na jinsi vitu vilivyo karibu nasi vinavyotosha kuyatengeneza.

Kwanza ieleweke kwamba hakuna sheria ya Kanisa inayomlazimu mwamini kuwa na mti wa Noeli, taa za kumetameta au pazia jipya. Katika Mwongozo kuhusu Ibada za Watu na Liturujia, uliotolewa mjini Vatican mwaka 2001, Mama Kanisa anazisifu desturi za familia kama vile pango, mti na sala ya pamoja katika mkesha, kwa kuwa zinawasaidia waamini kulipokea fumbo lenyewe. Na desturi iliyo mama wa hizo zote ilianza katika ufukara. Usiku wa Noeli wa mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza vitu vichache tu: hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Hapakuwa na sanamu ya Bikira Maria wala ya Mtakatifu Yosefu. Misa iliadhimishwa mahali pale, na watu wa kijiji wakarudi makwao na furaha. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Greccio kutia saini Waraka wake wa Kitume, Admirabile Signum, unaoihimiza kila familia kuendelea kutengeneza pango la Noeli, kwa vitu vyovyote ilivyo navyo.

Sisi wa Bujora tuna sababu ya pekee ya kulisikia jambo hili vizuri. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec nchini Kanada, alianza hapa kazi ambayo hadi leo inawaleta wageni kutoka mbali. Angeweza kuagiza michoro ya kanisa kutoka kwao. Badala yake kanisa likajengwa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na alama za heshima ambazo mababu walimpa mtemi zikatumika kumtukuza Kristo Mfalme. Makumbusho ya Wasukuma yaliyo jirani na kanisa hilo yalitokana na moyo uleule. Hata tamasha la ngoma la Bulabo, linalofuatana na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo mwezi Juni, jina lake lahusiana na maua ambayo waamini waliyachuma kumpambia Yesu wa Ekaristi njia. Kama udongo, ngoma na maua ya Usukuma vilistahili kuingia kanisani, basi vinastahili pia kukaa juu ya meza ya sebuleni. Nasema hivi kwa sababu nimeingia katika nyumba nyingi za waamini ambamo kila kitu cha Noeli kimetoka dukani, na kila kitu kilichofinyangwa au kusukwa na bibi kimefichwa jikoni ili wageni wasikione.

Majilio: kuanza na kidogo

Majilio ni kipindi cha kungojea, chenye Dominika nne na rangi ya zambarau. Nyumba inayopambwa kikamilifu tangu mwanzo wa Desemba huwa imekwisha kuchoka sikukuu inapofika. Inafaa kuanza na shada la Majilio peke yake. Shada hilo nalo lina asili ya kimaskini: mwaka 1839, mjini Hamburg, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern aliwatengenezea watoto fukara aliowalea gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapachika mishumaa juu yake ili wahesabu siku zilizobaki. Wakatoliki walilipokea baadaye.

Kwetu gurudumu si lazima, kwa kuwa kila nyumba inayoteka maji kisimani ina ngata. Ngata ya nyasi au ya kitambaa, iliyoviringwa vizuri na kuzungushiwa majani mabichi, tayari ni duara la shada. Ijaze udongo mbichi katikati, juu ya sinia la bati, na humo upachike mishumaa minne. Usipachike mshumaa kwenye nyasi zenyewe. Ikiwa mishumaa ya zambarau haipatikani, funga utepe wa zambarau kwenye mishumaa mitatu myeupe, na wa rangi ya waridi kwenye ule wa Dominika ya 3, Dominika ya furaha. Ukiwashwa dakika chache tu wakati wa sala ya jioni, mshumaa mmoja wa kawaida hutosha kipindi chote.

Katika majuma hayohayo familia iweke visanduku viwili. Katika kimoja itie sh. 1,000 kila Dominika kwa ajili ya mapambo. Mwisho wake ni sh. 4,000, na hicho ndicho kiasi cha juu cha kununulia kile ambacho mikono haiwezi kutengeneza. Katika cha pili itie kiasi kilekile kwa ajili ya jirani ambaye hatakuwa na chakula cha sikukuu.

Pango la Noeli

Hapa ndipo juhudi yote iwekwe, hata kama mengine yataachwa. Injili ya Luka inataja hori tu. Lakini Mtakatifu Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, aliandika kwamba Mwokozi alizaliwa katika pango karibu na Betlehemu, na mapokeo hayo yamedumu. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa pango la mawe ni nini. Mbuzi wetu hujikinga mvua chini ya majabali makubwa kama yale yanayoupa mji wetu sura yake. Kusanya mawe madogo, yapange kwa kuegemeana kama majabali yanavyoegemeana kilimani, uache uwazi mbele. Kama nafasi ya ndani ni finyu, kibanda kidogo cha mafunjo kutoka kando ya ziwa chafaa vilevile. Mabua makavu ya magugumaji, yanayowasumbua sana wavuvi wetu, yanasukika vizuri yakawa ukuta au uzio wa zizi.

Sanamu wafinyange watoto. Watoto wa Usukuma wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo muda wote ambao wazee wanaweza kukumbuka, na hawahitaji kufundishwa. Udongo wa mfinyanzi ukandwe pamoja na nyasi zilizokatwa vipande vidogo sana ili usipasuke, na sanamu zikaushwe kivulini siku kadhaa, kamwe zisiwekwe juani mara moja. Mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi, chokaa nyeupe, na udongo mwekundu hutoa rangi ya mavazi. Wazazi watumie nafasi hiyo kueleza kwa nini ng'ombe na punda wapo, ingawa Luka hawataji: nabii Isaya, katika sura ya 1 aya ya 3, analalamika kwamba ng'ombe anamfahamu mwenyewe na punda analifahamu hori lake, lakini taifa la Mungu halifahamu. Jamii ya wafugaji inaielewa lawama hiyo bila ufafanuzi mrefu. Ngamia wa Mamajusi ni kazi ngumu zaidi. Nimewahi kuonyeshwa ngamia ambaye kwa kweli alikuwa fahali mwenye nundu iliyozidi kipimo, nikasema abaki hivyohivyo.

Sasa niseme juu ya pamba. Desturi imeenea ya kutawanya pamba juu ya mti wa Noeli ili ifanane na theluji. Hapa kwetu Desemba ni mwezi wa mvua na wa kupanda, theluji hatuijui. Pamba tunaijua: ndiyo zao lililosomesha wengi wetu na kulipa madeni ya wazazi wetu. Kuitumia kuigiza baridi ya nchi nyingine ni kuipunguzia heshima. Iwekwe ndani ya hori. Ipo desturi ya zamani ambayo kila mtoto akitenda tendo jema wakati wa Majilio huweka ubua mmoja wa nyasi katika hori lililo tupu. Kwetu na iwe nyuzi chache za pamba kutoka katika akiba ya nyumbani, ili usiku wa tarehe 24 Mtoto Yesu alazwe juu ya jasho la familia. Hadi usiku huo hori libaki bila Mtoto. Anapowekwa, baba au mama asome simulizi la kuzaliwa kwa Bwana kutoka Luka sura ya 2, na wote wasali pamoja.

Mti, maua na taa

Mti ni wa pili kwa umuhimu. Yule mwenye maua mekundu anayewaka kandokando ya barabara zetu kila Desemba, watu wengi humwita mkrismasi, na kwa haki. Maua yake hunyauka haraka yakichumwa, lakini maganda yake makavu ya mwaka uliopita, marefu na magumu, hupakwa chokaa na kuning'inizwa kwa uzi, yakadumu miaka. Atakaye mti wa ndani akate tawi moja tu, si mti mzima, alisimamishe katika ndoo ya mawe na maji. Bora zaidi ni mche wa mwembe au mparachichi ndani ya kopo, upambwe sasa na kupandwa shambani masika yatakapoanza mwezi Machi. Mapambo yake yatoke kwa fundi cherehani: vipande vya vitenge vinavyobaki sakafuni hutolewa bure kwa anayeomba kwa adabu, na vikitungwa kwenye uzi pamoja na ushanga huwa mnyororo ambao sijauona ukizidiwa na wa dukani.

Tahadhari ni chache lakini za lazima. Minyaa tuliyoipanda kama uzio ina utomvu unaoweza kumpofusha mtu. Isitumike kwa mapambo, hasa watoto wanapohusika. Mshumaa usiachwe ukiwaka katika chumba kisicho na mtu, na zaidi sana katika nyumba ya nyasi. Taa za umeme zenye waya uliochubuka zitupwe. Taa moja ndogo ya sola iliyofichwa nyuma ya mawe ya pango yatosha kuangaza yote.

Baada ya tarehe 25

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Tarehe 26 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, nyumba nyingi hukunja kila kitu kana kwamba msiba umekwisha na maturubai yanarudishwa. Kwa Kanisa, Kipindi cha Noeli ndiyo kwanza kimeanza, na kinaendelea hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ambayo huangukia kati ya tarehe 7 na 13 Januari. Kwa hiyo mapambo yabaki. Kubaki huko hakugharimu chochote, na kunawapa watoto kitu cha kufanya: Mamajusi waanzie mbali, juu ya kabati au dirishani, na kila siku wasogezwe hatua moja hadi wafike pangoni siku ya Epifania. Siku hiyo familia yaweza pia kuandika kwa chaki juu ya mlango tarakimu za mwaka mpya pamoja na herufi C, M na B, ambazo ni za maneno ya Kilatini yenye maana ya Kristo aibariki nyumba hii, na watu huzisoma pia kama majina ya Mamajusi: Gaspari, Melkiori na Baltazari. Kipande cha chaki kitatosha jumuiya nzima. Aletewe padre akibariki baada ya Misa.

Jioni ya Ubatizo wa Bwana pango livunjwe kwa sala fupi. Zipo familia zinazolihifadhi hadi tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, kwa kufuata desturi ya zamani, nao hawakosei. Masalia ya mishumaa ya Majilio yaweza kuletwa siku hiyo mishumaa inapobarikiwa. Majani na mafunjo yaende kwenye shimo la mboji, mawe yarudi uani. Plastiki isichomwe jikoni. Mezani pabaki msalaba, Biblia na rozari, na kitambaa cha kijani cha Kipindi cha Kawaida.

Sanamu za udongo zifungwe moja moja katika gazeti kuukuu, zipangwe ndani ya debe lenye pumba za mpunga na kuwekwa juu, mbali na unyevu na mchwa. Mtoto Yesu afungwe peke yake katika pamba ileile aliyolalia, na mahali alipowekwa paandikwe, kwa maana haupiti mwaka bila familia kufika parokiani tarehe 23 Desemba kuuliza kama tunaye Mtoto wa akiba.